Maswali ya Wasomaji: Kingamwili Ndogo za Ngamia na Uchunguzi wa Vipokezi vya Seli

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu dawa za pumu, na ndani yake tukagusia kwa sentensi moja tu kwamba vipande vidogo vya kingamwili za ngamia na lama vimewasaidia wanasayansi kuona jinsi vipokezi vya seli vinavyoitikia dawa. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa famasia, Dar es Salaam. Darasani tumefundishwa kwamba kipokezi ni kufuli na dawa ni ufunguo. Hivyo vipande vya kingamwili vimeongeza nini ambacho mfano huo haukutueleza?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, swali lako ndilo kiini cha jambo lote, kwa hiyo naomba uvumilivu wako, maana jibu lake haliwezi kuwa fupi.

Kingamwili ya kawaida, iwe yako au ya ng'ombe, ina minyororo minne ya protini: miwili mizito na miwili myepesi. Uzito wake ni takriban kilodalton 150 (kilodalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na sehemu inayoshika shabaha huundwa na mnyororo mzito na mnyororo mwepesi vikiwa pamoja. Mwaka 1993 Hamers-Casterman, Raymond Hamers na wenzao wa Vrije Universiteit Brussel, nchini Ubelgiji, walieleza katika jarida la Nature kwamba damu ya ngamia, mbali na kingamwili za kawaida, ina aina nyingine isiyo na mnyororo mwepesi hata mmoja. Kingamwili hizo hushika shabaha zao kwa ncha ya mnyororo mzito peke yake. Lama na alpaka, ambao ni jamaa za ngamia huko Amerika ya Kusini, wanazo pia. Ukiikata ncha hiyo unabaki na kipande kimoja chenye uzito wa takriban kilodalton 15, yaani sehemu moja ya kumi ya kingamwili nzima, na bado kinashika shabaha yake barabara. Kipande hicho ndicho kinachoitwa nanobodi. Kwa kuwa kinatokana na jeni moja fupi, bakteria wa maabara wanaweza kukitengeneza kwa wingi, na aghalabu huvumilia joto kuliko kingamwili nzima.

Sasa tuje kwenye vipokezi. Jamii kubwa kuliko zote mwilini ni ile ya vipokezi vinavyoshirikiana na protini za G, yaani protini za ndani ya seli zinazopokea taarifa ya kipokezi na kuipeleka mbele. Binadamu ana jeni zipatazo 800 za jamii hii, na takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hufanya kazi kupitia kwavyo. Kila kimoja ni mnyororo wa protini unaopenya utando wa seli mara saba. Kipokezi cha beta-2 cha adrenalini, ambacho ndicho salbutamoli hukilenga kwenye mapafu ya mgonjwa wa pumu, ni kimojawapo. Dawa hushika upande wa nje wa seli. Taarifa hutolewa upande wa ndani, pale protini ya G inapojishikiza.

Mfano wa kufuli na ufunguo unakufanya udhani kwamba kipokezi kina hali mbili tu, kufungwa na kufunguka, na kwamba dawa ikishaingia kazi imekwisha. Ushahidi haukuafiki. Kipokezi hakitulii: hata bila dawa yoyote hubadilika umbo mara kwa mara, na baadhi ya maumbo hayo ni amilifu. Dawa inayoamsha kipokezi haikilazimishi kuchukua umbo moja. Inaongeza tu uwezekano wa maumbo amilifu kutokea. Mwaka 2011 jambo hili lilionekana waziwazi pale watafiti walipokifunga kipokezi cha beta-2 na dawa amshi kwa kifungo cha kikemia kisichoachia, wakatengeneza fuwele, wakazipiga eksirei, na bado umbo walilolipata lilifanana na lile la kipokezi kilicholala. Dawa ilikuwemo ndani, haikuwa na njia ya kutoka, na kipokezi hakikuwa kimeamka.

Hapo ndipo nanobodi ilipohitajika. Kikundi cha Brian Kobilka wa Chuo Kikuu cha Stanford kilishirikiana na Jan Steyaert wa Brussels. Walikisafisha kipokezi cha beta-2, wakakishikisha dawa amshi yenye mshiko mkali sana iitwayo BI-167107, wakakipachika ndani ya viputo vya mafuta ili kisiharibike, kisha wakamchanja lama. Mwili wa lama ulitengeneza kingamwili dhidi ya kipokezi katika umbo kilichokuwa nalo, na hilo ndilo jambo la kuzingatia. Baadaye wakachukua damu kidogo, wakatoa jeni za kingamwili kwenye chembe nyeupe, wakazihamishia kwenye virusi vya bakteria ili kila kirusi kibebe nanobodi moja juu ya ganda lake, na wakachuja zile zilizoshika kipokezi chenye dawa amshi na kukiacha chenye dawa zuizi, yaani ile inayokizuia kipokezi kuamka. Mojawapo iliitwa Nb80.

Nb80 haigusi mahali dawa inaposhika. Inaingia kwa upande wa ndani wa seli, na kitanzi chake kimoja kinajichomeka katika uwazi uleule ambao kwa kawaida hukaliwa na mkia wa protini ya G. Kwa maneno mengine, inakaa mahali pa protini ya G bila kuwa protini ya G. Fuwele zilizopatikana zilionyesha kwamba heliksi ya sita ya kipokezi, yaani kipande cha sita kati ya vile saba vinavyopenya utando, imesogea kwenda nje kwa takriban nanomita 1.1 kwenye ncha yake ya ndani, ilhali kishimo cha dawa, upande wa pili wa utando, kilikuwa kimebadilika kidogo mno. Mwaka huohuo kikundi hichohicho kilichapisha umbo la kipokezi kikiwa na protini ya G yenyewe, na heliksi hiyo ikaonekana imesogea nanomita 1.4. Hapo napo nanobodi nyingine, Nb35, ilitumika kuishikilia protini ya G isiachane na kipokezi. Mwaka uliofuata, 2012, Kobilka na Robert Lefkowitz walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya miaka mingi juu ya vipokezi hivi.

Lakini wewe ni mwanafamasia, na picha za fuwele si jambo la kwako hasa. Chukua utando wa seli zenye vipokezi vya beta-2, weka dawa zuizi yenye mnururisho kwa kiasi kisichobadilika, kisha ongeza isoprenalini, ambayo ni dawa amshi, kidogokidogo na kupima ni kiasi gani kinatosha kuiondoa ile zuizi. Utachora mchirizi unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Rudia jaribio lilelile ukiwa umeongeza Nb80: mchirizi unahamia kushoto, na isoprenalini inashika kwa nguvu iliyozidi karibu mara mia. Hukubadilisha dawa, hukugusa kishimo chake. Umeshika kipokezi kwa upande wa pili tu, na dawa imekuwa na nguvu zaidi. Ipo pia nanobodi nyingine, Nb60, inayoshikilia umbo tulivu, nayo inausogeza mchirizi kulia. Mwaka 2016 watafiti walizitumia nanobodi za aina hizi mbili kupima dawa nyingi moja baada ya nyingine, na wakaona kwamba dawa mbili zinazoitwa amshi kwa jina moja huweza kunufaika kwa viwango tofauti na nanobodi ileile. Kwa maoni yangu, kipimo hicho kina thamani kubwa kuliko picha yoyote ya fuwele, kwa sababu kinatueleza ni kwa kiasi gani kila dawa inakisukuma kipokezi kuelekea umbo amilifu. Ufanisi wa dawa, ambao vitabuni mwako umeandikwa kama asilimia tu, unapata maana ya kimaumbile.

Usiutupe mfano wa kufuli. Mtihani bado utakuuliza. Lakini unapomsoma mwandishi anayezungumzia dawa amshi kamili, amshi nusu na zuizi geuzi (ile inayokisukuma kipokezi kuelekea umbo tulivu), fikiria makundi ya maumbo na jinsi kila dawa inavyobadilisha uwiano wake.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa ngamia kaunti ya Isiolo. Kijana wangu ananiambia kwamba wazungu wanatengeneza dawa kutokana na damu ya ngamia. Je, ni kweli? Na je, maziwa yake nayo yana nguvu hizo?

JIBU: Mzee wetu, kijana wako hajakosea, ila lipo jambo la kuongezea. Mnyama huchanjwa kama unavyochanja mifugo wako, kisha baada ya majuma kadhaa huchukuliwa damu kidogo, mara moja au mara chache, na anarudi malishoni. Kinachotafutwa katika damu hiyo ni maelekezo ya kurithi ya kutengeneza kingamwili. Maelekezo hayo yakishapatikana, bakteria au hamira hufanya kazi iliyobaki, na mnyama hahitajiki tena. Siku hizi maabara nyingi hazimtumii mnyama kabisa: tangu mwaka 2018 kuna mkusanyiko wa nanobodi uliobuniwa kwa kompyuta na kuoteshwa juu ya hamira, ambao watafiti wa vyuo huupata na kuuchuja wenyewe.

Dawa zipo. Caplacizumab, ya ugonjwa adimu wa kuganda damu kwenye mishipa midogo, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018 na Marekani mwaka 2019. Ipo pia tiba ya saratani ya uboho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ambamo seli za kinga za mgonjwa mwenyewe huwekewa vipande viwili vya aina hii ili vizitambue seli za saratani kwa kipokezi kilicho juu yake.

Kuhusu maziwa, nakuomba sana usiyachanganye mambo haya mawili. Maziwa ya ngamia ni chakula bora, lakini kingamwili iliyomo ndani yake imelenga vijidudu alivyokutana navyo ngamia huyo, si ugonjwa wa mtu anayeyanywa, na sehemu kubwa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote. Nanobodi ya hospitali imechaguliwa kati ya mamilioni kwa ajili ya shabaha moja inayojulikana. Tafadhali yachemsheni maziwa kabla ya kunywa, kwa sababu brusela hupita kwenye maziwa mabichi, na ugonjwa huo unawatesa wafugaji wengi.

SWALI: Ni muuguzi Mombasa, katika wodi ya wagonjwa wa saratani. Kila siku tunawapa mofini ya maji. Nilisoma mahali kwamba mofini hufanya kazi ndani ya seli na si juu yake tu, na kwamba hili liligunduliwa kwa kingamwili ndogo. Naomba mnieleze, na mniambie kama tunapaswa kubadili chochote.

JIBU: Dada muuguzi, nianze na lililo muhimu kwa wagonjwa wako: usibadili chochote. Mofini inaendelea kuwa dawa ya kutegemewa kwa maumivu makali ya saratani, na mgonjwa anayeihitaji anastahili kuipata kwa kipimo na kwa saa yake. Utafiti nitakaoueleza ulifanywa kwenye seli za maabara, na haujatoa dawa mpya ya kuweka mezani pako.

Nanobodi ni ndogo kiasi kwamba ukiingiza jeni yake ndani ya seli hai, seli yenyewe huitengeneza na inabaki ikielea ndani. Ukiiunganisha na protini inayong'aa kijani, unaweza kuitazama kwa hadubini. Mwaka 2013 kikundi cha Mark von Zastrow wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilifanya hivyo kwa Nb80 niliyomweleza mwanafunzi hapo juu. Kabla ya dawa, rangi ya kijani ilikuwa imetawanyika kote ndani ya seli, kwa sababu hakukuwa na kipokezi amilifu cha kushika. Walipoongeza isoprenalini, kijani kilikusanyika kwenye utando wa nje na kuchora ukingo wa seli. Hadi hapo hakuna aliyeshangaa. Baadaye kipokezi kikamezwa ndani pamoja na vifuko vidogo viitwavyo endosomu, na hapo ndipo wengi wetu tulifundishwa kwamba kazi yake inakoma. Baada ya dakika chache kijani kilitokea tena, safari hii juu ya vifuko hivyo. Kipokezi kilikuwa kimeamka upya kikiwa ndani ya seli, na vipimo vyao vilionyesha kwamba taarifa zilizotoka huko zilichangia katika mwitikio wa seli.

Mwaka 2018 kikundi hicho kilitumia nanobodi nyingine, Nb39, inayoshika vipokezi vya opioidi vikiwa katika umbo amilifu. Nb39 ilikuwa imewahi kutumika mwaka 2015 kupata umbo la kipokezi cha myu, ambacho ndicho mofini hukilenga. Kemikali zinazotengenezwa na mwili wetu, kama enkefalini, ni peptidi. Hazipenyi utando kirahisi, kwa hiyo ziliamsha vipokezi kwenye utando wa nje na baadaye kwenye endosomu, baada ya kuingia pamoja navyo. Mofini ni molekuli ndogo inayopenya mafuta. Ndani ya sekunde chache iliamsha pia vipokezi vilivyokuwa kwenye Golgi, yaani kituo ambacho protini mpya hupitia kabla ya kupelekwa kwenye utando. Kemikali za mwili hazikufanya hivyo.

Mantiki yake, dada yangu, ni kwamba mofini na enkefalini hazitofautiani kwa nguvu na muda peke yake. Zinatofautiana pia kwa mahali zinapoamsha kipokezi kilekile. Kama tofauti hiyo ya mahali inahusiana na kufunga choo, mazoea ya mwili au kushuka kwa upumuaji, hilo linahitaji uchunguzi wake, na mimi naliona kuwa miongoni mwa maswali yanayostahili fedha nyingi kuliko yanavyopewa.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa maabara katika chuo kimoja Nairobi. Tunataka kuanza kutumia nanobodi kuchunguza vipokezi. Ni makosa gani ya kuepuka?

JIBU: Ndugu mtaalamu, la kwanza na kubwa ni kukumbuka kwamba kipimo hiki kinakigusa kinachopimwa. Nanobodi inayoshika umbo amilifu huliongeza umbo hilo kwa kulishika. Tena, Nb80 inakaa mahali pa protini ya G, kwa hiyo seli ikiitengeneza kwa wingi, protini ya G inakosa nafasi na taarifa inazibwa. Watafiti wengine wamelitumia jambo hili makusudi kama njia ya kuzuia kipokezi kutoka ndani. Wewe unayetaka kutazama tu, weka jeni kwa kiwango cha chini, kisha pima AMP ya mzunguko, kemikali ambayo seli huitengeneza kipokezi kinapoamka, katika seli zenye nanobodi na zisizo nayo. Kama mwitikio umepungua, kiwango chako bado kiko juu.

Pili, amua mapema kama shabaha yako iko nje au ndani ya seli. Nanobodi iliyosafishwa na kumwagwa juu ya seli haipenyi utando. Kwa upande wa nje hilo ni faida: unaweza kuipaka rangi na kuhesabu vipokezi vilivyobaki juu ya seli baada ya dawa, bila kuhesabu vilivyomezwa. Kwa upande wa ndani huna budi kuingiza jeni. Nimeona watu wakinunua protini safi kwa bei kubwa kwa jaribio lililohitaji plasmidi tu, yaani kipande cha DNA cha kubebea jeni.

Kuhusu rangi: udogo wa nanobodi unamaanisha kwamba rangi ikishika asidi amino iliyo karibu na vile vitanzi vitatu vya kushikia, mshiko unaweza kupotea wote. Afadhali kuweka sisteini (aina ya asidi amino) moja kwenye mkia wa mwisho na kuunganisha rangi hapo. Baada ya kuunganisha, pima mshiko upya, na linganisha na nanobodi isiyo na rangi katika jaribio la ushindani; usitegemee namba iliyochapishwa na watu wengine kwa ile isiyopakwa.

Ukiunganisha nanobodi mbili kuwa moja ili ishike kwa nguvu zaidi, fahamu kwamba nguvu unayoipima sasa inategemea pia wingi wa vipokezi juu ya seli, kwa sababu kila mkono unashika kipokezi chake. Seli zenye vipokezi vingi kupita kiasi, kama zile tunazozitumia mara nyingi maabara, zitakupa namba nzuri ambayo tishu halisi haitakupa. Vilevile, mikono miwili inaweza kuvisogeza vipokezi viwili karibu na kubadilisha tabia yake, jambo ambalo nanobodi ya mkono mmoja hailifanyi.

Na vidhibiti. Seli zisizo na kipokezi kabisa ni lazima, lakini hazitoshi. Weka pia nanobodi ya ukubwa uleule isiyohusika na kipokezi chako, na kipokezi kilichobadilishwa asidi amino pale nanobodi inaposhika. Ikiwa kijani chako bado kinakusanyika kwenye endosomu za seli zenye kipokezi kilichobadilishwa, basi unachokiona si kipokezi. Kwa dawa, tumia angalau amshi moja, zuizi moja na zuizi geuzi moja, ukianza na zuizi, kwa sababu nanobodi nzuri ya umbo amilifu inatakiwa kutawanyika tena ndani ya seli unapoongeza zuizi juu ya amshi. Isipotawanyika, inashika kwa nguvu mno kufaa kazi ya kutazama mabadiliko ya haraka, hata kama ni nzuri kwa fuwele, na itakubidi utafute nyingine yenye mshiko hafifu zaidi kutoka kwenye mkusanyiko uleule.